Tulishuka Ngomo na watoto wetu

Jambo la juma hili lilianzia darasani. Tulikuwa tunafundisha mito, na katika kitabu kimoja cha zamani cha Kifaransa kulikuwa na picha ya bonde la mto Rhin, kule Ujerumani: mto chini, mizabibu imepandwa kwa mistari juu ya miteremko, na juu kabisa ukuta mdogo ambapo watu wanasimama kutazama. Tuliwaeleza watoto kwamba kipande cha bonde hilo, kilomita 65 hivi kati ya Bingen na Koblenz, UNESCO ilikiandika katika urithi wa dunia mwaka 2002. Watu wanatoka mbali, wanalipa, wanapanda kilima, wanatazama mto, wanakunywa divai ya pale na kurudi kwao. Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, sisi hatuna bonde?"

Dirisha la darasa lilikuwa wazi. Kutoka pale hadi daraja la Ruzizi, kwa miguu, si saa moja.

Tulicheka, lakini aibu ilikuwa yetu. Waliojua kwamba Ruzizi unaanzia hapa Bukavu hawakufika kumi, na darasa limejaa. Wengine walidhani unatoka Rwanda, wengine walijua tu kwamba Ruzizi ni mahali pa kuvuka mpaka na kuonyesha karatasi. Tulipoleta swali lile katika mkutano wa Alhamisi, tukakuta mama zaidi ya nusu wamewahi kwenda Uvira, lakini kwa kupitia barabara ya lami ya Rwanda, au usiku, au macho yamefumbwa kwa kichefuchefu. Basi tukatoa kiasi katika mfuko wa kijamii wa AVEC, tukakodi basi dogo, na Jumamosi moja tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi na watoto wa miaka kumi na kuendelea.

Tulianza palepale ziwa linapotokea. Ni mahali pasipo fahari. Ziwa linabanwa, maji yanaanza kutembea, na hapo tayari ni mto. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi, ziwa Tanganyika kwa mita 770 hivi, na kati yake Ruzizi unakimbia karibu kilomita 117. Yaani unateremka karibu mita 700, na sehemu kubwa inaisha katika makorongo ya mwanzo, kabla ya uwanda.

Wataalamu wa mawe wanasema haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani za kale maji ya huku yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa mto Nili. Volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia, maji yakajaa nyuma yake mpaka yakapata mlango upande wa kusini, hapa kwetu. Tuliwapa watoto mfano wa chungu cha maharagi kilichoinama: kikifurika, kinafurikia upande ulio chini. Na safari haiishii Uvira. Kutoka Tanganyika maji yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita Kisangani na Kinshasa mpaka baharini. Mama mmoja akasema maji aliyofulia nguo Muhumba yatafika Kinshasa bila tiketi ya ndege. Tulicheka sana, kwa sababu sisi wa Bukavu tunajua bei ya ile tiketi.

Wazungu walibishana miaka mingi kama Ruzizi unaingia Tanganyika au unatoka humo. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakaenda kaskazini kuangalia kwa macho yao. Walikuta unaingia. Wenyeji waliokuwa wanachota maji yake kila siku wangeweza kuwaambia, na bila shaka waliwaambia.

Kilomita chache chini ya ziwa ndipo lilipo bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na chini yake Ruzizi II, lililoanza kutoa umeme mwaka 1989 na ambalo Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana. Hapa ndipo safari ilipotuuma. Juu ya maji, mbele ya bwawa, kulikuwa na tandiko la takataka: chupa za plastiki, sashe, ndala, bidoni zilizopasuka. Kutoka mbali ungedhani ni uwanja wa kuchezea. Taka hizi zinazuia mitambo, wafanyakazi wanaziondoa kwa mikono na kwa mitumbwi, na kesho yake zimerudi. Mtoto mmoja akaonyesha kidole: "Mama, ile ni chupa ya ji yetu." Mama yake hakujibu.

Hatutaki kujidai. Kartie zetu zimepandana juu ya miteremko, mahali pa kutupa taka hakuna, na anayelipa mtu wa kubeba taka ni yule aliyebakiwa na franga baada ya makala na fufu. Lakini nani kati yetu hajawahi kumtuma mtoto na mfuko wa taka mvua inapoanza kunyesha? Tunamwambia: kimbia, utupe katika mfereji, mvua itabeba. Na kweli mvua inabeba. Inapeleka katika mto Kawa, Kawa inapeleka ziwani, ziwa linapeleka Ruzizi, na Ruzizi unafika kwenye mashine ileile tunayongojea itupe umeme wa kupiga pasi nguo za masomo. Mambo haya tulikuwa tunayajua kila moja peke yake. Siku ile tuliyaona yamefuatana.

Tukaendelea na barabara ya Nyangezi. Hapa bonde letu linaanza kufanana na lile la kitabu, ila badala ya mizabibu kuna migomba, na divai yetu ni kasiksi. Tulisimama nyumbani kwa familia moja inayoitengeneza. Ndizi zilizokomaa zinafukiwa siku kadhaa mpaka ziive vizuri, zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani mpaka zitoe maji yake. Maji yanachujwa, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa yachachuke. Kukanda mara nyingi ni kazi ya wanaume, kuuza ni kazi ya mama. Watoto walionjeshwa ile ya siku ya kwanza, ambayo ni tamu tu na haijapata nguvu. Hatusifu ulevi, na kila mmoja wetu anajua nyumba ulikoingia. Lakini tangu masomo ya msingi ya serikali yawe ya bure mwaka 2019, karo za sekondari zimebaki, na mama wa pale alituambia wazi kwamba watoto wake wawili wa sekondari wanasomeshwa na migomba.

Ndiyo sababu alituonyesha pia shamba la nyuma, na sauti yake ilibadilika. Majani yamekuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani ni nyekundu-kahawia. Ni mnyauko, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dawa ya kupulizia hakuna. Kinachosaidia ni kukata ua la kiume kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kuondoa shina linalougua mapema, na kupitisha panga katika moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mwenye shamba kijijini, hata dogo, amwambie anayelilinda. Panga moja linaambukiza shamba zima kwa asubuhi moja.

Baada ya Nyangezi, Ngomo. Mliopita mnajua, na msiopita mmesikia: barabara nyembamba, kona juu ya kona, mlima mkono mmoja na utupu mkono mwingine. Lori moja lilikuwa limekwama katika kona, shofere wetu akazima moto, nasi tukashuka. Tulikasirika kwanza. Kisha tukageuka tukatazama.

Uwanda wote wa Ruzizi ulikuwa chini yetu. Mto uliokuwa unapiga kelele katika makorongo sasa umelala, unajipinda kama uzi ulioanguka sakafuni. Ng'ambo, Bugarama ya Rwanda na mashamba yake ya mchele. Zaidi ya hapo, milima ya Burundi, rangi ya bluu. Nchi tatu bila kuonyesha karatasi. Tuliwaeleza watoto kwamba ukuta tuliosimama juu yake na milima ya ng'ambo ni kingo mbili za ufa mmoja, ardhi inaachana polepole, na bonde ni sehemu iliyozama katikati. Ndilo lililotutikisa Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, wengi wetu tukiwa katika misa. Wao hawakuwa wamezaliwa. Walitaka kujua kama litatikisika tena, tukawajibu kweli: ndiyo, na wasikimbilie ngazi.

Mama mmoja kati yetu hakukaribia ukingo. Alikaa juu ya jiwe, mgongo kwa bonde. Baadaye alituambia kwamba mwaka 1996 alipanda Ngomo kwa miguu kutoka uwandani, akiwa msichana mdogo, mdogo wake mgongoni, nyuma ya mama yake aliyebeba godoro. Walipita usiku. Alikuwa hajawahi kuona kuna nini chini. Binti yake, mwenye miaka kumi na mmoja, akamshika mkono, akamwongoza hatua kwa hatua, huku akimwelekeza: kule Kamanyola, kule mto. Mama akatazama muda mrefu. Akasema tu: "Kumbe ni kuzuri." Hatukumwuliza zaidi.

Kamanyola palikuwa na joto na vumbi, watoto walivua sweta. Tulikula wali wa uwandani na ndakala. Hapo tukawapa fumbo: sambaza wa ziwa letu wametoka wapi? Ni ndakala walewale wa Tanganyika. Ruzizi ni mkali mno, samaki hawezi kuupanda, basi kati ya mwaka 1958 na 1960 waliletwa na watu na kutiwa Kivu. Sambaza tunaowakaanga kila siku ni wageni waliopita juu ya Ngomo kama sisi.

Kwa wanaotaka kufanya hivyo na kikundi chao: msiende katika mvua kubwa, Ngomo inateleza na udongo unaanguka. Julai na Agosti njia ni kavu, lakini moshi wa majani yanayochomwa unafunika uwanda na hamtaona kitu. Sisi tuliona vizuri mwanzoni mwa Juni. Ulizeni hali ya njia siku moja kabla, si juma moja kabla. Watu wazima wabebe kadi zao. Tangawizi kwa tumbo, sashe mbili kwa kila mtoto, moja ya kutapika na moja ya taka, na zote mbili zirudi nyumbani.

Watoto sasa wanataka kuona mto unapoishia, karibu na Uvira, kwa sababu wamesikia kuna viboko na mamba. Hiyo ni safari ya kulala, na fedha yake haijatosha. Wanaotaka kuchangia kidogo kidogo wamwone mweka hazina siku ya Alhamisi, baada ya mkutano. Waje na chupa tupu za nyumbani pia: mama aliyenyamaza pale bwawani amepata mtu anayezinunua kwa gunia, na gunia la kwanza tayari limejaa nusu.