Jina, Jinsia na Kabila katika Matangazo ya Biashara

Kiswahili hakina kiwakilishi kinachotenga mume na mke. Kijaluo nacho, kwa neno lake "en", ni vivyo hivyo. Penye jina, hata hivyo, Kijaluo hakifichi: Otieno ni mwanamume, Atieno ni mwanamke, wote wawili wazaliwa wa usiku, na kabila lao hudhihirika papo hapo. Tangazo la gazetini, litakalo wanunuzi wa makabila yote, hulikwepa jina likasema "mama", kisha picha ikamweka jikoni. (Katika matangazo ya Ambi yaliyotolewa na Drum miaka ya 1960, hata rangi ya ngozi haikuachwa ilivyo.) Msomaji wa Kisumu amjua mama mwingine: yule anunuaye samaki mtumbwini, ufukoni Dunga, akibishana bei na wavuvi.