Kiitaliano: chunga mkazo, sio herufi tu

Haya wadau, leo nina somo dogo kwa wale wanaosaka kazi za utalii. Malindi, Watamu na Zanzibar wageni wa Kitaliano ni wengi, na vijana wanaojifunza lugha yao kwa masikio wanaiongea vizuri tu. Mwenye taabu ni yule anayejifunza kwa kusoma peke yake. Maneno anayo, ila mgeni anamkodolea macho. Shida ni mkazo, na nitagusa vivumishi tu.

Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu. Yanayokataa ni machache. Barabara ya magari ni ba-ra-BA-ra, lakini kazi ikienda vizuri imekwenda ba-RA-ba-ra. Herufi zile zile, maana mbili! Sasa Kiitaliano mambo hayo kinayo kwa wingi.

Vivumishi vingi vinakaa kama vyetu: con-TEN-to (mwenye furaha), fa-MO-so (maarufu), ROS-so (nyekundu). Hiyo s mbili inagawanywa, moja huku moja kule, na zote zisikike. Usifanye mchezo: caro ni ghali, carro ni mkokoteni.

Balaa ni vile vinavyokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho: FA-ci-le (rahisi, ci isome chi), CO-mo-do (cha starehe), PIC-co-lo (dogo). Maandishi hayakuambii kitu, kwa sababu alama ya mkazo ni lazima pale tu unapoangukia silabi ya mwisho, kama città (mji).

Ufanyeje? Tazama mkia wa neno. Yenye -oso, -ale na -ivo yanakazwa kama yetu. Yenye -bile na -issimo yanarudi nyuma: pos-SI-bi-le (inawezekana), bel-LIS-si-mo (zuri mno). Ya -ico mengi ni hivyo hivyo, e-co-NO-mi-co, ila an-TI-co (la kale) limegoma. Ya -ile yakariri moja moja: U-ti-le (chenye faida), lakini gen-TI-le (mpole).

Raha yake ni kwamba ukishajua, umejua. Piccolo, piccola, piccoli, piccole: mwisho unabadilika, mkazo hauhami.

Kamusi nzuri ya Kiitaliano inaonyesha mkazo, itumie. Maana mtu com-PI-to ni mwenye adabu zake, ila COM-pi-to ni kazi ya shule ya kufanyia nyumbani. Usije ukamsifu bosi ukamwita homuweki.

Naomba kuwakilisha.