Mchujo, Mswada na Mtu wa Chaka

Mtu anayetaka kiti katika Kaunti ya Nyeri hupanga hesabu zake kwa tarehe ya mchujo wa chama kabla hajafikiria uchaguzi mkuu, na ana sababu. Mwaka 2022 chama cha UDA kilizoa kiti cha gavana, cha seneta, cha mwakilishi wa wanawake na vyote sita vya ubunge, kuanzia Kieni, ambamo mji wa Chaka umo, hadi Mukurweini. Mwaka 2017 wimbi lilikuwa la Jubilee. Mwaka 2013 lilikuwa la TNA, ingawa marehemu Nderitu Gachagua aliuchukua ugavana kwa tikiti ya GNU. Nyuma ya hapo kulikuwa na PNU mwaka 2007, NARC mwaka 2002, na DP ya Mwai Kibaki katika miaka ya tisini. Jina la chama hubadilika ila mtindo ni ule ule: wapigakura wa hapa hupenda kupiga suti, yaani kukipa chama kimoja viti vyote.

Mahali pa namna hiyo, aliyepata cheti cha uteuzi cha chama chenye wimbi huwa amekaribia kushinda. Kura ya Agosti humthibitisha tu. Kwa hiyo mwenye duka Chaka anayejitokeza kila baada ya miaka mitano kwa foleni moja tu, ile ya Agosti, huwa anachagua kati ya majina ambayo wengine walikwisha kuyachuja.

Nani hupiga kura ya mchujo?

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inatambua njia mbili za kuteua wagombea. Ya kwanza ni mchujo wa moja kwa moja, ambapo kila mwanachama aliyesajiliwa ana kura. Ya pili ni ya wajumbe: wanachama huchagua wajumbe, nao wajumbe humchagua mgombea. Katika njia zote mbili, mlango ni sajili ya wanachama. Kofia na fulana za rangi ya chama hazikupi kura. Jina lako katika sajili ndilo linalokupa.

Sajili hiyo ina historia yake. Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kisa ni hesabu. Ili kipate usajili kamili, chama lazima kionyeshe wanachama wasiopungua 1,000, ambao ni wapigakura, katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani angalau kaunti 24. Namba za vitambulisho zikawa bidhaa, na madaftari ambayo watu huandikamo namba hizo kila uchao hayakukosa wa kuyatolea macho.

Unaweza kukagua hali yako kwa kupiga *509# kwenye simu au kwa kuingia eCitizen. Ukikuta uko katika chama usichokijua, jiuzulu kwa maandishi, maana sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kijana anayewazia kuwania wadi kama mgombea huru: Katiba inamtaka awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Jina lililoandikwa na mtu mwingine linaweza kumfungia njia.

Msimu huu vuta nikuvute ni kubwa zaidi. Rigathi Gachagua, aliyekuwa mbunge wa Mathira kisha naibu wa rais, aliondolewa madarakani na Seneti Oktoba 2024. Mei 2025 alizindua chama chake, DCP. Vyama vinapong'ang'ania eneo moja, usajili wa wanachama huja kwa kasi, na mara nyingi anayesajili hana muda wa kukueleza unatia sahihi nini. Muulize chama gani, na umruhusu aandike namba yako baada ya kujibu.

Baada ya shangwe, miswada

Mchujo ukiisha na viti vikijaa, siasa huhamia mahali ambapo haina muziki. Bunge la Kaunti hukaa mjini Nyeri, na kila moja ya wadi 30 za kaunti huwa na mwakilishi mmoja aliyechaguliwa. Kieni peke yake ina wadi nane. Mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati, wananchi huulizwa maoni, kisha husomwa mara ya pili na ya tatu kabla ya gavana kuutia sahihi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge hilo kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi.

Kwenye ushirikishwaji ndipo penye kazi. Tangazo hutoka gazetini, wengi hawalioni. Mswada huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kisha husomwa ukumbini mbele ya watu wanaozungumza Kikuyu na Kiswahili. Mama anayeuza vitunguu sokoni anataka kujua jambo moja: kuanzia mwezi ujao, ada ya siku ni pesa ngapi? Jibu liko katika jedwali mwishoni mwa mswada, na mara nyingi kikao hufungwa kabla ya kulifikia.

Ada hizo hupangwa na Mswada wa Fedha wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inalipatia bunge la kaunti siku 90 baada ya kupitisha matumizi ya mwaka kuuidhinisha mswada huo. Kwa kawaida hiyo ni Julai hadi Septemba, wakati watu wamekwisha kuichoka habari ya bajeti. Tarehe nyingine za kukumbuka ni hizi: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1; karatasi inayoweka viwango vya matumizi ya kila idara, kufikia Februari 28; na makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30. Anayetaka barabara ya kutoka shambani hadi sokoni iwekwe kifusi akianza kulalamika Mei, amechelewa. Alipaswa kusema kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia.

Vilevile, jua mlango wa kubisha. Lami ya kwenda Nanyuki ni ya serikali ya kitaifa. Barabara ndogo za vijijini, masoko, zahanati na shule za chekechea ni za kaunti. Mbunge anayeahidi kurekebisha ada za soko anaahidi kazi isiyo yake.

Hata sheria iliyokwisha kupitishwa haitembei yenyewe. Mfano uko katika shamba la viazi. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia ili kukomesha lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, na kaunti zikapewa kazi ya kusimamia. Mkulima wa Kieni anajua kama gunia linaloondoka shambani mwake leo lina kilo 50 au limeshonewa kofia. Hilo ni swali la kumuuliza mwakilishi wadi, kwa maandishi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na barua yenye sahihi za wakulima ina nguvu kuliko kelele za mkutano wa mazishi.

Tawi la chama lifanye nini?

Vyama vinavyotimiza masharti hugawiwa fedha kutoka Hazina ya Vyama vya Siasa, ambayo sheria inataka ipate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Ni kodi yetu. Kwa hiyo si ombi la ziada mwanachama wa Chaka akitaka tawi lake lifanye kazi kati ya uchaguzi mmoja na mwingine: liwaite watu mswada unapochapishwa, liwasomee jedwali la ada kwa lugha wanayoielewa, lipeleke maoni yao Nyeri kabla muda haujaisha, kisha lirudi kueleza mwakilishi wao alipiga kura vipi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Watakaotaka tikiti watapita Chaka mapema zaidi. Kila mmoja aulizwe mambo mawili kabla ya kupewa kipaza sauti: chama chake kitatumia sajili gani kwenye mchujo, na Mswada wa Fedha wa mwaka huu unasema nini kuhusu ada za soko. Asiyejua la pili hajajiandaa kwa kazi anayoiomba.