Chambo bandia kilichochakaa: anza na ndoano, rangi baadaye

Mto Grumeti hupita nchi ya Ikoma ukielekea magharibi hadi Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na mtu wa kijiji cha Robanda anayemtaka sangara hana budi kuufuata mpaka ziwani. Huko wavuvi wengi humvua kwa ndoano yenye furu au kambale mdogo. Chambo bandia, yaani kipande cha mbao au plastiki chenye umbo la samaki, hutumiwa zaidi na wanaorambaza, na kikichakaa wengi hukimbilia kukipaka rangi upya. Nadhani huko ni kuanzia mwisho.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu furu wa Ziwa Victoria: maji yanapochafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume. Ikiwa furu aliye karibu na mwenzake anachanganyikiwa, basi sangara anayekimbiza kitu kwenye maji hayohayo hawezi kutegemea rangi sana. Anacho kipokezi kingine, mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Lauri Rapala wa Ufini aliujua umuhimu wa mtikisiko kwa kuwatazama samaki. Chambo chake cha mwaka 1936 alikichonga kwa kisu, akakifunika kwa karatasi inayong'aa ya chokoleti, na alichokihangaikia hasa kilikuwa mwendo wa kisamaki kilichojeruhiwa.

Kwa hiyo kagua chuma kwanza. Kutu ya juu juu hutoka kwa brashi. Kutu iliyochimba vishimo imekula nguvu ya ndoano, na ndoano hiyo itupwe mahali ambapo mtoto au mbuzi hataikanyaga. Ncha ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo. Ukibadilisha, weka ndoano ya uzito uleule, kwa sababu gramu chache za ziada hukifanya chambo kiinamishe mkia na kuacha kutikisika. Pete zilizopanuka usizibane, zibadilishe. Sangara anaweza kuzidi kilo 100, na pete dhaifu ndiyo itakayoachia.

Mwili wa mbao uliopasuka hunywa maji. Uanike kivulini hadi ukauke kabisa, kisha uzibe ufa kwa gundi ya epoksi. Ukiuziba ungali mbichi, unyevu unabaki ndani na mbao inaendelea kuoza. Ulimi wa mbele ndio unaokipeleka chambo chini na kukiyumbisha, hivyo ukivunjika unahitaji mwingine wa ukubwa na mwinamo uleule. Rangi ya zamani huenda ina risasi: isugue kwa msasa uliolowa, nje ya nyumba. Rangi mpya iwe nyembamba. Tabaka nene huongeza uzito, na hata rangi ya kucha isiyo na rangi yatosha kuziba mikwaruzo.

Kabla ya safari, kivute kando ya mtumbwi kwa mwendo wa kawaida. Kikikimbilia kushoto, kunja kitanzi cha puani kidogo sana kuelekea kulia kwa plaizi, ujaribu tena. Lakini kama skrubu ya ndoano inacheza kwenye mbao iliyooza, gundi haitaisaidia mbele ya sangara mkubwa. Ng'oa ndoano na pete zilizo nzima, uzihamishie kwenye chambo kingine.