Bibi Land Rover Amegoma Kuamka

Njooni, wapwa wangu. Kaeni hapa karibu na tairi. Bibi Land Rover amegoma kuamka, hata stata ikipigwa.

Bibi mnamjua. Ndiye yule wa kijani anayeshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kuchukua usipa. Ukoo wake ni wa zamani. Magari ya kwanza ya ukoo huo yalionyeshwa watu mwaka 1948, Amsterdam, Uholanzi. Bodi zake ziliundwa kwa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza.

"Mjomba, kwani stata ni nini?"

Ahaa, umeuliza vizuri! Injini haiwezi kujianzisha. Lazima kitu kiizungushe kwanza, ndipo ishike yenyewe. Zamani mtu alichomeka hendeli mbele ya gari akazungusha kwa mkono. Injini ikirudisha teke, mkono unavunjika. Kisha Mmarekani mmoja, Charles Kettering, akabuni mota ya umeme ya kufanya kazi hiyo, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakaja nayo. Mota hiyo ndiyo stata. Bibi ana stata, na tundu la hendeli analo bado, kwa siku mbaya.

"Basi stata imekufa. Tununue nyingine!"

Taratibu, mpwa wangu. Sikiliza kwanza.

"Lakini taa zinawaka, Mjomba! Umeme si upo?"

Hapo ndipo watu wazima wengi wanapopotelea, na wewe umefika ukiwa mdogo. Fikiria barabara ya kwenda Mbamba Bay, kule ziwani. Daraja likiwa bovu, bodaboda inapita. Lori lililojaa mahindi halipiti. Taa ya mbele ni bodaboda: inataka ampea 4 hivi. Stata ni lori: inataka zaidi ya 100. Kwa hiyo taa kuwaka hakutuambii kwamba daraja ni zima. Tunachouliza ni hiki: barabara imekatika wapi?

Mwacheni Bibi aseme mwenyewe.

"Nikilia tik-tik-tik-tik, haraka haraka," anasema Bibi, "nina njaa. Betri yangu haina nguvu, au vichwa vyake vimeota unga mweupe na umeme haupiti. Washeni taa zangu, kisha mpige stata. Taa zikififia mpaka zikawa nyekundu, msiiguse stata. Angalieni betri na nyaya zake."

"Na zikibaki kali vilevile?"

"Basi umeme haujatoka hata kidogo. Hapo angalieni swichi, solenoidi (ile swichi kubwa ya stata), au kaboni za ndani ya stata, ambazo huisha kama penseli."

Fundi mwenye mita anaona zaidi. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika, husoma 12.6 hivi. Stata ikipigwa, namba inashuka. Ikishuka chini ya 10, betri imechoka au haijachajiwa.

"Mbona juzi kule Mbamba Bay aliwaka mara moja?"

Sasa hilo ndilo swali la fundi! Ziwani kuna joto. Huku Mbinga, asubuhi ya mwezi wa saba, hata nyinyi hamtaki kutoka kitandani. Baridi inafanya oili ya injini iwe nzito, kwa hiyo kuizungusha ni kazi zaidi. Na baridi hiyohiyo inapunguza nguvu ya betri. Kazi imeongezeka, nguvu imepungua. Betri iliyochoka inaweza kujificha mwaka mzima kule ufukweni, lakini huku mlimani itaumbuka asubuhi moja tu.

Tuendelee. Lori likishafika ziwani, si lazima lirudi? Umeme nao lazima urudi kwenye betri. Njia yake ya kurudi ni waya wa ethi, na huu ndio mafundi wengi wanaousahau. Injini ya Bibi imekaa juu ya raba ili isimtikise, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo kuna waya mnene wa kuiunganisha injini na chesisi. Waya huo ukikatika, au kutu ikiingia pale unapofungwa, umeme unatafuta njia za panya. Unaweza kupita kwenye kebo nyembamba ya choki, na kebo ikaanza kutoa moshi! Ukiona choki inafuka moshi stata ikipigwa, usiilaumu stata. Barabara ya kurudi imekatika.

Kuna lingine. Bibi akisema tik! moja nzito kisha akanyamaza, huenda gia ndogo ya stata imeng'ang'ania kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Tunazima swichi, tunaweka gia ya tatu, tunamsukuma mbele na nyuma. Klak! Imeachia. Na akisema wiiii bila injini kuzunguka, stata inazunguka lakini gia hiyo haijashika. Hapo fundi ataifungua na kuisafisha.

"Tumchukulie umeme kwenye gari la jirani?"

Inawezekana, lakini chungulia kwanza. Land Rover nyingi za zamani zilifungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukiunga kwa mazoea, utachoma vitu. Na betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo moto na sigara viwe mbali. Ule unga mweupe wa kwenye vichwa msiuguse. Utaoshwa na mkubwa, kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea, akishafungua waya wa ethi wa betri kwanza.

Kazi yenu nyinyi ni masikio. Sikilizeni ni tik moja au tik nyingi, mumwambie fundi. Na mkimwona anataka kuagiza stata mpya kutoka Songea, mwulizeni kwa adabu: "Shikamoo fundi. Waya wa ethi umeuangalia?"