Utangulizi: Pale Gololi Itakapoangukia

Kitabu hiki kinahusu mwendo wa vitu vinavyorushwa, na kinaanza na mtambo ambao kijana yeyote wa Kasuku au Alunguli, hapa Kindu, anaweza kuuunda jioni moja: kipande cha mwanzi, ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, msumari wa kufyatulia, na gololi ya beringi kutoka kwa fundi wa pikipiki. Najua utatamani kwanza kuuvuta hadi mwisho uone gololi itafika wapi. Fanya hivyo, ila mahali pasipo na watu. Gololi ya chuma haina huruma na jicho. Kisha tuanze kazi. Kurusha mbali ni kazi ya manati. Fizikia huanza unapochora duara mchangani kabla ya kufyatua, gololi nayo ikatua humohumo.

Watu walichelewa kufika hapo. Mwaka 1537 Niccolò Tartaglia alieleza kwamba mzinga hurusha mbali zaidi ukiinuliwa nyuzi 45, lakini njia yenyewe ya risasi hakuielewa. Galileo ndiye aliyefungua fundo, katika kitabu chake cha 1638: kwenda mbele ni mwendo mmoja, kuanguka ni mwingine, wala mmoja haumsubiri mwenzake, ukiiunganisha unapata parabola.

Ndiyo maana sura ya kwanza inakutaka uulaze mtambo juu ya meza, unyooke kwa pimamaji. Gololi inayotoka mlalo huanguka kwa muda uleule wa gololi iliyoachiwa tu ukingoni. Kutoka sentimita 80 ni sekunde 0.4 hivi. Saa ya simu haitakusaidia, maana kidole chako peke yake huchelewa karibu nusu ya muda huo. Kimo cha meza ndicho saa yako. Teremsha timazi kutoka mdomo wa mwanzi, tia alama sakafuni, kisha pima hadi pale gololi ilipogonga karatasi ya kaboni. Ukipata mita 1.6, ilitoka kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Umepima kasi kwa futi kamba!

Vitabu vilivyotungwa Ulaya vitakwambia mchapuko wa uvutano ni mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Hapa Kindu, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta, andika 9.78. Dunia inazunguka, tena imetanuka kidogo kiunoni. Jean Richer aligundua upungufu huo wa uvutano mwaka 1672 alipoipeleka saa yake ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku. Kwenye meza yetu tofauti hiyo ni milimita mbili na ushee, na mtambo wako hautaihisi. Andika 9.78 hata hivyo. Ndiyo yetu.

Kitakachokusumbua kweli ni mpira. Springi ya chuma ina adabu: ukiivuta mara mbili zaidi, kasi ya gololi huongezeka mara mbili. Tyubu haifuati sheria hiyo. Ukiuvuta ukanda ghafla na kuugusisha mdomoni utasikia joto, na ukiuachia utasikia unapoa. John Gough, msomi wa Uingereza aliyekuwa kipofu, alilieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19. Isitoshe, nishati unayoutia hairudi yote, na mivuto ya kwanza ya ukanda mpya hailingani na ile inayofuata. Basi ulainishe kwa kuuvuta mara kadhaa kabla ya kupima chochote, na ukate pengo kwenye mwanzi ili msumari ukae palepale kila mara. Kwangu mimi mtambo dhaifu unaorudia kazi yake bila kubadilika ni bora kuliko wenye nguvu unaotapanya gololi.

Utauhitaji uaminifu huo katika sura ya tatu. Nyuzi 45 za Tartaglia ni za uwanja ulio sawa. Ukirusha kutoka juu ya meza yetu, kwa kasi ileile ya mita 4 kwa sekunde, pembe bora ni nyuzi 35 hivi: hesabu inatoa mita 2.30, wakati nyuzi 45 zinatoa 2.22. Sentimita 8 utaziona waziwazi ikiwa mpira umelainika na pengo limekatwa sawasawa. Ukivuta kwa kukisia, hutaziona kamwe.