Chozi wa uani

Wenye kamera nzuri hapa Dar es Salaam wengi huzifungia kabatini mpaka safari ya Mikumi au Serengeti. Nawasihi wazitoe leo. Ndege wa mbugani unamwona mara moja, dereva akiwa na haraka. Chozi wa uani kwako atarudi kesho kwenye mshubiri ule ule, nawe utakuwa umeshajua atatua wapi.

Ndege wa mjini anayemfundisha mpiga picha kuliko wote ni huyo. Dume mwenye kifua chekundu ana kijani kinachong'aa kwenye paji na kooni. Kijani hicho hakitokani na rangi, ni umbile la manyoya linavyourudisha mwanga. Akigeuza shingo kidogo, kinazimika, unabaki na ndege mweusi. Kwa hiyo jua liwe mgongoni mwako, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, kabla halijapanda utosini. Lenga jicho, kasi isipungue 1/1000 ya sekunde, kisha subiri ageuke.

Jike hana mng'ao, na wengi humpuuza. Lakini ndiye anayejenga kiota, akishikamanisha majani makavu kwa utando wa buibui. Kwangu mimi, picha yake akiwa na utando mdomoni inawashinda madume kumi wanaometameta. Ila kiota usikisogelee wala usikate hata kijitawi kinachokuziba. Kijitawi hicho ndicho kinachowaficha makinda wasionwe na kunguru wa Kihindi, ambaye aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka na sasa anakula mayai na makinda pwani nzima.

Huna kamera? Weka sahani ya maji kivulini, kina kisizidi sentimita 5, egemeza simu kwenye tofali, washa video, ondoka. Shorewanda watakuja kuoga. Maji yabadilishe kila baada ya siku mbili, mbu wasizaliane.

Na kila picha iandikie tarehe na mtaa. Mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania, ulioanza miaka ya 1980, unakusanya habari za ndege gani kaonekana wapi na lini, na nyua zetu zina mengi ya kuuchangia. Kunguru naye mpige picha, hasa ukiwa mtaa ambao hajazoeleka.